Habari za Thomas Nast, Aliyeita Askari kwa Kalamu

Ukifungua gazeti lolote leo, utaona picha zilizopigwa kwa kamera. Katikati ya karne ya kumi na tisa haikuwa hivyo. Kamera zilikuwako, lakini hazikuweza kumshika mtu akimbiaye, wala wapiga chapa hawakuwa na njia ya kuitia picha ya kamera katika ukurasa wa gazeti. Picha zilichorwa kwa mkono, zikachongwa katika mbao, ndipo zikapigwa chapa. Walakini picha hizo zilikuwa na nguvu nyingi. Wakati wa vita ziliwatoa vijana mashambani na viwandani, wakaenda jeshini kwa hiari yao, na wengi hawakurudi tena. Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu mmoja aliyechora picha kama hizo, tuone jinsi alivyoipata kazi yake, na jinsi alivyoitumia, kwa mema na kwa mabaya.

Thomas Nast alizaliwa mwezi wa Septemba 1840 katika mji wa Landau, katika nchi iitwayo leo Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya jeshi, na mtoto alizaliwa ndani ya kambi ya askari. Mwaka 1846 mama yake alivuka bahari pamoja naye na dada yake, wakakaa New York katika nchi ya Marekani. Baba aliwafuata baada ya miaka kadha.

Kijana huyu hakufanikiwa shuleni. Alipoingia darasani mara ya kwanza hakujua Kiingereza, na hata alipokuwa mtu mzima kusoma na kuandika kulimtaabisha. Lakini akipata kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, mara ataonekana mtu, au farasi, au meli. Wazazi wake walitamani ajifunze muziki, au kazi nyingine ya kumpa riziki. Yeye hakutaka ila kuchora.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 alichukua michoro yake, akaenda peke yake kwa Frank Leslie, mwenye gazeti la picha lililosifiwa sana mjini. Leslie alikuwa Mwingereza, na kabla ya kuwa na gazeti lake alikuwa fundi wa kuchonga picha. Alipomwona mtoto mfupi, mnene, mwenye sauti ya kigeni, alitaka kumwondoa bila kumvunja moyo. Basi akampa kazi aliyodhani itamshinda: aende kwenye kivuko siku ya Jumapili asubuhi, wakati watu wanaposongamana kuingia katika meli, akachore umati ule wote. Thomas akaenda. Alisimama tangu asubuhi, akamchora mzee na mtoto, mwanamke na kofia yake, baharia na kamba yake. Alipoleta picha ile, Leslie aliitazama kwa kitambo, akampa kazi kwa mshahara wa dola 4 kila juma.

Katika nyumba ile Nast alijifunza jinsi picha ya gazeti inavyofanyika, na yafaa sisi nasi tujue. Mti uliotumiwa ni mgumu sana, lakini shina lake ni jembamba. Ubao mpana haukupatikana. Kwa hiyo mafundi walishika vipande vidogo vingi, wakaviunga kwa parafujo upande wa nyuma, hata vikawa ubao mmoja. Uso wa ubao ulipakwa rangi nyeupe, na mchoraji akachora juu yake kwa kinyume, kama mtu ajionavyo katika kioo, mkono wa kuume ukiwa mahali pa mkono wa kushoto. Kisha fundi mkuu alichonga kwanza ile mistari ipitayo penye viungo, ili mistari isipishane. Baada ya hayo parafujo zililegezwa, na kila fundi akapewa kipande chake. Huyu alichonga miguu ya farasi, yule alichonga mawingu, wa tatu alichonga bendera. Nao walifanya kazi hata usiku. Mahali palipotakiwa kuwa peupe palichimbwa, na mistari iliyotakiwa kuwa myeusi iliachwa imeinuka, ipate kupokea wino. Mwisho vipande vilifungwa pamoja tena. Kazi ambayo ingemchukua fundi mmoja majuma kadha, ilimalizika kwa siku chache, na maelfu ya watu wakaitazama picha ile ile katika juma moja. Wenye elimu waliyasoma maneno yaliyo chini yake. Wasiojua kusoma hawakupungukiwa na neno, kwa maana mwenye macho haambiwi tazama.

Mwaka 1860 Nast alisafiri kwenda Uingereza kwa kazi ya gazeti. Huko alisikia habari za Garibaldi, aliyekuwa akipigana ili nchi ya Italia, iliyogawanyika chini ya wafalme wengi, ipate kuwa nchi moja. Garibaldi alikuwa amevuka bahari mwezi wa Mei kwenda kisiwa cha Sicily na watu wapatao elfu moja tu. Hawakuwa askari wa mshahara. Wengi wao walikuwa wanafunzi, wanasheria, waganga, na mafundi wa mikono, waliovaa mashati mekundu na kujitoa wenyewe. Nast akaenda kwa meli pamoja na kikosi kingine cha watu wa kujitolea, akafuatana na jeshi lile mpaka Naples na kupita, akipeleka michoro yake kwa gazeti la Illustrated London News na kwa gazeti moja la New York. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu alipofika kule. Aliona jinsi watu wanavyomiminika kwa furaha wanapoitwa na mtu wanayempenda. Tena aliona vita vyenyewe, wala havifanani na furaha ile.

Alirudi New York mwezi wa Februari 1861, akaikuta nchi yake mpya imo katika hatari. Majimbo ya Kusini, yaliyotaka kuudumisha utumwa wa watu weusi, yalikuwa yakijitenga na Marekani. Hatimaye yalikuwa 11. Aprili 12, 1861, watu wa Kusini wakaipiga kwa mizinga ngome ya Fort Sumter. Siku tatu baadaye Rais Abraham Lincoln aliita watu 75,000 waje kujitolea kwa muda wa miezi mitatu. Watu wengi walidhani muda huo utatosha.

Mji wa New York ukawa kama uwanja wa sikukuu. Bendera zilining'inia katika kila dirisha. Penye vituo vya kuandikisha askari ngoma zilipigwa mchana kutwa, na matangazo makubwa yalibandikwa ukutani. Aprili 19 kikosi cha saba cha New York kilipita katika barabara ya Broadway kikienda vitani, na watu walisimama pande zote mbili, wakishangilia na kulia pamoja. Miaka 8 baadaye Nast aliichora siku ile kwa rangi katika picha kubwa. Magazeti nayo yalijaa picha za namna hii: vijana wanatia sahihi majina yao, akina mama wanawakumbatia wana wao, vikosi vinapita chini ya bendera. Kijana wa shamba aliyeitazama picha hiyo kwa mwanga wa taa jioni, alijiona mwenyewe ndani yake.

Lakini miezi mitatu ilikwisha, na vita havikwisha. Kusini ilishinda katika Bull Run mwezi wa Julai 1861, na katika mwaka wa pili Lincoln aliita watu 300,000 wengine, na mara hii si kwa miezi mitatu, bali kwa miaka mitatu. Furaha ya kwanza ilikuwa imepoa. Watu walikuwa wamekwisha kuona majeneza na vilema. Serikali na miji ikaahidi fedha kwa kila atakayejiandikisha, na baadhi ya watu waovu wakazipokea fedha, wakatoroka, wakajiandikisha mahali pengine kwa jina jingine.

Wakati huo ndipo Nast alipoingia katika kazi ya gazeti la Harper's Weekly, mwaka 1862. Gazeti hili lilichapishwa kwa nakala zaidi ya 100,000 kila juma, likasomwa mijini, vijijini, na makambini. Nast alikwisha kuoa mwaka uliotangulia. Mkewe Sarah alikuwa msaada mkubwa kwake. Yeye alimsomea vitabu na magazeti wakati alipokuwa akichora, na hivi yule aliyeshindwa na kusoma akapata elimu kwa masikio.

Mwezi wa Desemba 1862 majeshi ya Kaskazini yalishindwa vibaya katika Fredericksburg. Askari wao zaidi ya 12,000 waliuawa, au walijeruhiwa, au walipotea. Nchi nzima ikashikwa na huzuni, na Krismasi ilikuwa karibu. Mchoraji mwingine labda angalichora tena bendera na ngoma. Nast hakufanya hivyo. Alichora duara mbili zilizo ubavu kwa ubavu. Katika duara moja mwanamke amepiga magoti penye dirisha, anaomba, na nyuma yake watoto wawili wamelala kitandani. Katika duara ya pili mumewe askari ameketi usiku karibu na moto kambini, bunduki mkononi, naye anatazama picha ndogo za mkewe na watoto wake. Kandokando kuna michoro midogo zaidi. Humo askari wanapiga mwendo, meli inasukwasukwa na mawimbi, na upande wa chini kuna safu ya makaburi.

Picha hiyo ilitoka katika gazeti la tarehe Januari 3, 1863. Watu wengi waliandika barua za kushukuru. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja aliipokea kambini, akaifungua penye mwanga wa moto, na machozi yakadondoka juu ya karatasi. Angalia neno hili: Nast hakuwadanganya watu kwamba vita ni mchezo. Makaburi aliyaweka mbele ya macho yao. Lakini aliwaonyesha pia kwamba askari aliye mbali hakusahauliwa, na kwamba yule mwanamke dirishani naye anachukua sehemu yake ya mzigo. Kwa picha hiyo watu waliokata tamaa walipata nguvu ya kuendelea.

Siku ile ya kwanza ya mwaka 1863 Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa wote waliokuwa katika majimbo yaliyoasi, na mlango wa jeshi ukafunguliwa kwa watu weusi. Mwezi wa Julai gazeti la Harper's Weekly lilichapa picha tatu za mtu mmoja aliyetoroka utumwani, ambaye gazeti lilimwita Gordon. Hazikuchorwa kwanza na Nast, bali wachongaji walizifuatisha kutoka picha za kamera. Katika ya kwanza Gordon amevaa matambara, kama alivyofika kambini. Katika ya pili ameuonyesha mgongo wake, nao umejaa makovu ya mijeledi toka mabegani hata kiunoni. Katika ya tatu amesimama wima katika mavazi ya askari, bunduki mkononi. Hapakuwa na haja ya maneno mengi. Hata vita vilipokwisha, watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wametumika katika jeshi la Kaskazini, na wengi wao walikuwa watumwa jana yake.

Hata hivyo watu wa kujitolea hawakutosha. Mwezi wa Machi 1863 ilitolewa sheria ya kuwaandika watu jeshini kwa kura. Aliyeweza kulipa dola 300 aliachwa nyumbani. Maskini hakuwa na njia. Mwezi wa Julai maskini wa New York walifanya ghasia kwa siku nne, na hasira yao ikawaangukia watu weusi wasio na hatia. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Mwaka uliofuata gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani wakiandikishwa jeshini pale Battery, New York, karibu na mahali waliposhukia meli. Mtu ambaye miguu yake ilikuwa haijaizoea nchi kavu, aliahidiwa fedha, akapewa kalamu atie jina lake. Nast mwenyewe aliwahi kushuka katika mji huo akiwa mtoto mgeni.

Mwaka 1864 watu wengi wa Kaskazini walichoka kabisa, wakataka mapatano hata kama utumwa utabaki. Hapo Nast alichora picha iliyo kali kupita zote. Askari wa Kusini anakanyaga kaburi la askari wa Kaskazini. Anapeana mkono na mwenzake wa Kaskazini ambaye amekatwa mguu, anajishika kwa magongo, na kichwa chake ameinamisha kwa haya. Mwanamke aliye mfano wa nchi ya Marekani amepiga magoti kaburini, analia. Nyuma yao watu weusi wamo katika minyororo. Maana yake ilieleweka mara moja: mkifanya amani ya namna hii, wale waliojitolea wamekufa bure. Picha ile ilipigwa chapa tena na tena, ikaenezwa nchini, na mwezi wa Novemba Lincoln alichaguliwa mara ya pili.

Inasimuliwa kwamba karibu na mwisho wa vita Lincoln alimtaja Nast kuwa mwandikishaji wake bora wa askari, kwa sababu picha zake zilikuja kila mara saa ile ambayo moyo wa watu ulianza kulegea. Nast hakuandikwa askari hata siku moja. Lakini aliyeita wenzake ana deni, na Nast alikumbuka deni hilo. Vita vilipokwisha mwaka 1865, baada ya watu zaidi ya 600,000 kufa, alimchora askari mweusi aliyepoteza mguu, amesimama kwa gongo. Kando yake yuko yule mwanamke aliye mfano wa Marekani, mkono wake juu ya bega la askari, anawauliza watu kama mtu huyu aliyetoa mguu wake kwa ajili ya nchi atanyimwa haki ya kuchagua watawala wake. Wengi hawakupenda kuulizwa swali hilo.

Baadaye Nast alipigana vita vya namna nyingine. Mwaka 1871 aliwachora William Tweed na wenzake, waliokuwa wakiiba mamilioni ya dola ya mji wa New York. Inasimuliwa kwamba aliahidiwa dola 500,000 aache kazi hiyo aende Ulaya kujifunza, naye akakataa. Tweed alifungwa, akatoroka mwaka 1875 mpaka Hispania, na huko alitambuliwa kwa picha ya Nast, akarudishwa gerezani.

Lakini tusifiche makosa yake. Kalamu ile ile iliyoheshimu watu iliwadharau pia. Wahamiaji wa Ireland aliwachora wenye nyuso za nyani, ingawa maelfu yao walikuwa wamemwaga damu katika vita ile. Maaskofu Wakatoliki aliwachora kama mamba, naye mwenyewe alibatizwa Mkatoliki. Na mwaka 1874 aliwachekesha watu kwa kuwachora wabunge weusi wa Carolina ya Kusini kama wapumbavu, akasahau yule askari mwenye gongo. Picha ikisha kuchongwa na kuenezwa haiwezi kurudishwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Katika uzee wake alipata taabu. Mwaka 1884 alipoteza mali yake katika kampuni ya fedha iliyoanguka. Mwaka 1886 aliachana na Harper's Weekly, na gazeti aliloanzisha mwenyewe halikudumu. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alimpa kazi ya ubalozi mdogo katika bandari ya Guayaquil, nchi ya Ecuador. Bandari ile ilijulikana kwa homa ya manjano. Nast alikuwa na umri wa miaka 61, naye alihitaji mshahara kwa ajili ya jamaa yake. Alikwenda. Homa ilipozuka na watu wakakimbia, yeye alikaa mahali pake akitimiza kazi yake. Ikamshika, akafa Desemba 7, 1902.

Hayo ndiyo maisha ya mtu aliyeita askari kwa kalamu. Picha nzuri yaweza kumtoa mtu nyumbani kwake na kumpeleka mautini. Kwa hiyo mchoraji asifiche kaburi nyuma ya bendera. Siku alipowaonyesha watu bendera na kaburi pamoja, na siku alipomdai haki askari aliyekatwa mguu, Nast alikuwa mtu mkubwa. Siku alipowachora jirani zake kama wanyama, alikuwa mdogo. Nasi tuonapo picha ituitayo kufanya neno, tuitazame mara mbili: mara ya kwanza tuone iliyoyaonyesha, na mara ya pili tuone iliyoyaficha.

Maswali

1. Leslie alimpa Nast kazi gani ya kumjaribu, na kwa nini aliichagua hiyo?
2. Eleza jinsi ubao wa picha ulivyoungwa, ulivyochorwa, na ulivyochongwa.
3. Kwa nini watu walijitolea kwa furaha mwaka 1861, na kwa nini furaha hiyo ilipoa?
4. Katika picha ya Krismasi Nast aliyaweka makaburi. Je, alifanya vema? Toa sababu zako.
5. Nast alikuwa na deni gani kwa askari, nalo alilisahau wakati gani?